Harusi bila keki: namna ya kupanga vitamutamu vya shughuli Mombasa

Keki ya siagi ya ghorofa tatu haikutengenezewa hewa ya Mombasa. Siagi huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 30 na huyeyuka kati ya 32 na 35, na Februari au Machi mchana wa hapa hufika nyuzi 32 au 33 kivulini. Ukumbi ukijaa wanawake mia mbili na taa za mpiga video zikiwashwa, joto huzidi hapo. Keki iliyofunikwa kwa sukari ya kukandwa nayo ina lake: sukari huvuta unyevu wa hewa, kwa hivyo ikitolewa kwenye friji hutoka jasho, rangi hutiririka, na maua ya juu huinamisha vichwa. Mwenye shughuli amelipa pesa nyingi, halafu jioni yote macho yako kwenye meza ya keki badala ya kuwa kwa bibi harusi.

Vitamutamu vya pwani vimezoeana na joto hili tangu zamani. Halwa haitaki friji. Visheti, vile vya unga vya kukaanga na kuvishwa sukari, hukaa mkebeni wiki mbili. Kaimati hutaka uangalifu wa saa chache tu. Vinaweza kabisa kushika nafasi ya keki, mradi vichaguliwe kwa kuangalia saa ya shughuli, mahali wageni watakapokaa na safari ya kuvifikisha. Anayechagua kwa picha za simu pekee ndiye anayejikuta na sinia kumi za kitu kilicholainika.

Anza na saa na mahali

Kabla ya kutaja kitamu chochote, andika kwenye karatasi saa ambayo vitamutamu vitaliwa. Usiandike saa ya kuanza shughuli, kwa sababu kati ya hizo mbili kuna mwanya mkubwa. Ukumbini mwaliko husema saa mbili usiku, bibi harusi huingia saa nne, na sahani hupita saa nne na nusu au baadaye. Kaimati zilizokaangwa saa nane mchana zitakuwa zimelala saa nane nzima.

Nikahi ya baada ya Alasiri au Isha msikitini ni rahisi kuliko zote: watu wamekaa chini, mikono imenawa, na kinachotakiwa ni kitu kinacholiwa kwa haraka pamoja na kikombe cha kahawa tungu. Hapo halwa haina mpinzani.

Harusi ya kanisani yenye karamu ya bustanini Nyali au Bamburi saa nane mchana ndiyo ngumu. Jua liko juu, upepo wa bahari unapuliza chumvi na unyevu, na nzi hawakosi. Kwa shughuli ya namna hiyo ondoa kabisa krimu, chokoleti na chochote chenye maziwa kisichokuwa na barafu chini yake. Chokoleti nayo huyeyuka kwenye nyuzi thelathini na kitu, sawa na siagi.

Kama ni hoteli, uliza mapema, na upate jibu kwa maandishi, kama wanaruhusu vitamutamu kutoka nje. Kuna mahali panaporuhusu keki tu na kukataa chakula kingine chochote. Mwambie msimamizi waziwazi kwamba halwa na mikate vinakuja badala ya keki, na kwamba hamuongezi mlo. Neno hilo moja huokoa mabishano ya mlangoni siku yenyewe.

Hesabu vinywa, kila mahali peke yake

Kosa linalorudiwa kila msimu ni kuhesabu harusi nzima kama mkusanyiko mmoja. Wanaume wa msikitini, wanawake wa ukumbini na watu wa nyumbani ni hesabu tatu. Msikitini hujui idadi, kwa maana aliyeswali hapo hakatazwi kukaa. Peleka kitu kinachoweza kukatwa kidogo zaidi watu wakiongezeka, kama halwa, na usipeleke kitu cha kuhesabika kimoja kimoja, kama vikombe vya faluda. Ukumbini wageni wana kadi, lakini watoto hawana. Ongeza kumi kwa kila mia.

Wageni wakila vitamutamu baada ya biriani au pilau, vipande vitatu au vinne vidogo kwa kila mtu vinatosha. Wakila kabla ya chakula, au kama hakuna chakula kizito, weka vipande sita. Kwa wageni 200 waliokwisha kula biriani, hesabu inayofaa ni hii: halwa kilo 8, yaani gramu 40 kwa kila mtu, kaimati 440, mbilimbili na akiba ya sehemu moja kwa kumi, na kitu kimoja cha baridi au kikavu, vipande 220. Msikitini, ambako halwa iko peke yake, weka gramu 50 kwa mtu. Kilo moja italisha watu 20.

Usichague zaidi ya vitu vitatu au vinne. Meza ya vitamutamu kumi hupendeza kwenye picha, lakini kila mgeni hutaka kuonja kila kitu, vitu vinavyopendwa huisha kwa meza tano za mwanzo, na walio nyuma hupata mabaki ya visivyopendwa. Vitu vitatu vinavyomfikia kila mtu vina heshima zaidi. Mchanganyiko mzuri ni kimoja laini cha samli, kimoja cha kukaanga chenye shira, na kimoja kikavu au cha baridi cha kupumzisha ulimi.

Halwa

Halwa ni wanga, sukari, maji, samli, iliki na zafarani, na juu yake lozi au korosho, ikikorogwa kwa mwiko mrefu bila kuachwa, kwa kawaida muda unaokaribia saa mbili. Hatushauri mtu aijaribu kwa mara ya kwanza kwa ajili ya harusi. Wapishi wa halwa wapo Mombasa, wana masufuria yao na mikono iliyozoea moto, agiza kwao. Agiza wiki mbili mbele kama ni miezi ya kawaida, na mwezi mzima mbele kama harusi iko Shaaban au Mfunguo Mosi, maana watu huwahi kuoa kabla ya Ramadhani na wengine hungoja baada ya Idi, na wapishi ni walewale.

Nenda ukaonje kabla ya kuweka amana. Chukua kipande, kibonyeze kwa kidole gumba kisha uachie. Halwa iliyoiva hurudi polepole kama mto wa pamba na haibaki kidoleni. Inayobaki na alama ya kidole haijakorogwa vya kutosha, na itamwaga maji kwenye sinia. Inayokatika kama mpira imepita. Tazama samli: iwe inang'aa juu ya uso wa halwa, isiwe imefanya kidimbwi pembeni. Kisha itafune polepole mpaka mwisho. Ikiacha ladha ya unga mbichi nyuma ya ulimi, wanga haukuiva. Ikiacha utando mzito kwenye kaakaa, kuna mafuta ya mboga yaliyogandishwa mahali pa samli. Uliza, na kama jibu linazunguka, tafuta mpishi mwingine.

Chukua halwa siku moja au mbili kabla ya shughuli. Haiharibiki, kwa sababu sukari yake ni nyingi mno kwa vijidudu kustawi, lakini usiitie friji hata siku moja. Wanga uliopikwa ukipata baridi hukaza na kurudisha maji nje, na halwa inakuwa ngumu yenye chengachenga. Iache chumbani, imefunikwa. Ikiwa tayari imekaza, ipashe moto mdogo juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ongeza kijiko cha samli kwa kila kilo, na uikunje kwa mwiko mpaka ilegee.

Kuigawa: visahani vidogo vya kushirikiana watu wanne huenda haraka kuliko sahani ya kila mtu. Halwa ya gramu 160 kwa kisahani, vijiko vinne vidogo, lozi juu. Kwa wanaume waliokaa kwenye jamvi, sinia moja kwa watu wanane. Usisahau maji ya kunawa na tishu, maana samli ya halwa na kanzu nyeupe havipatani.

Kaimati

Hapa ndipo shughuli nyingi huharibika, kwa hivyo tukae nazo kidogo.

Kwa kaimati 110 hadi 120 ndogo, za ukubwa wa ndimu changa, tumia unga wa ngano kilo 1, hamira kijiko kikubwa kimoja, mtindi nusu kikombe, chumvi kijiko kidogo, na maji ya uvuguvugu kama mililita 850. Maji yatie kidogokidogo, kwa sababu kila unga una kiu yake. Upige kwa mkono, ukiuinua na kuurudisha kwenye bakuli, dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka uwe unavutika kama ulimi na kutoa mapovu. Ufunike, uuache uumuke dakika 45 hadi saa moja. Siku ya joto la kaskazi, dakika 35 zinatosha. Ukichelewa unachachuka, na kaimati hupata rangi haraka nje na kuwa na ladha ya pombe ndani.

Mafuta yawe ya moto wa wastani, karibu nyuzi 175. Bila kipimo, dondosha tone la unga: lishuke, kisha lipande juu kwa utulivu na mapovu pande zote. Likipanda papo hapo na kuwa jekundu, mafuta ni ya moto mno, na kaimati zitaiva nje huku ndani kukiwa na unga mbichi. Likikaa chini, mafuta ni baridi, na kaimati zitakunywa mafuta mpaka ziwe nzito. Chovya mkono wa kushoto majini, chota unga, ukamue kwenye ngumi ujitokeze baina ya kidole gumba na cha shahada, uukate kwa kijiko kilicholowa, udondoshe. Karai isijae. Zikishaibuka, zivuruge bila kusimama kwa upawa wa matundu ili zipate rangi moja pande zote; zinazoachwa kuelea hutoka na tumbo jeupe. Dakika sita hadi nane kwa kila mkupuo.

Shira ya kilo hiyo moja ya unga ni sukari kilo 1 na maji nusu lita, pamoja na iliki iliyosagwa. Chemsha mpaka tone likiwekwa baina ya gumba na shahada livute uzi mmoja. Sasa kuna njia mbili, na lazima uamue moja.

Kama kaimati zitaliwa ndani ya saa mbili, kamulia ndimu nusu kwenye shira. Ndimu huzuia sukari isirudi kuwa chenga, na kaimati hung'aa. Lakini zinanatanata, na kwa unyevu wa hapa zitaanza kulainika mapema.

Kama zitangoja zaidi ya hapo, usitie ndimu. Endelea kuchemsha shira mpaka mapovu yawe mazito na yapasuke polepole, zima moto, mimina kaimati zilizokwisha kupoa, na uzigeuzegeuze bila kuacha mpaka sukari igeuke nyeupe na kuzishika kama gamba kavu. Gamba hilo ndilo kinga yake dhidi ya hewa yenye unyevu. Kaimati za moto zikiingia kwenye shira ya moto, mvuke hubaki ndani na kuzilainisha zote. Ndiyo sababu kimoja kati ya viwili kiwe kimepoa.

Usizifunike kwa karatasi ya nailoni zikiwa bado vuguvugu. Kawa linatosha, au leso safi. Mvuke ukikosa pa kutokea, gamba lote hulowa na kazi ya asubuhi nzima inapotea kwa dakika ishirini.

Cha baridi: faluda

Faluda ya kugandishwa kwa agar-agar inafaa sana Mombasa kwa sababu ya tabia moja: ikishaganda, haiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 85. Jelatini, inayowekwa kwenye vitamutamu vingi vya kikombe, hulegea joto la chumba likipita thelathini, na wageni hupewa supu. Kuna jambo jingine la kuzingatia. Agar-agar hutoka kwenye mwani, wakati jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na ya nguruwe ikiwemo. Kama unanunua vikombe vilivyotengenezwa tayari, uliza ni ipi.

Kwa lita moja ya maziwa tumia gramu 10 za nyuzi za agar-agar. Ziloweke nusu saa, zichemshe pekee kwa kikombe kimoja cha maji mpaka zipotee kabisa, halafu ndipo uchanganye na maziwa ya moto yenye sukari gramu 120, iliki na maji kidogo ya waridi. Ukizitia kwenye maziwa ya baridi huganda vipandevipande na hazirudi tena. Lita moja hutoa vikombe 10 hadi 11 vidogo. Igande usiku mmoja kwenye friji.

Hata hivyo, kuganda si kinga ya kuharibika. Ni maziwa. Yakitoka kwenye baridi yaliwe ndani ya saa mbili, na kama joto limepita nyuzi 32, ndani ya saa moja. Peleka ukumbini ndani ya masanduku ya barafu, na yasifunguliwe mpaka wagawaji wasimame mlangoni na sinia zao. Usitegemee friji ya ukumbi. Huwa imejaa soda, na umeme una siku zake.

Vikavu, kwa ufupi

Visheti, vileja, kashata, na labania, yaani vile vitamu vya maziwa vya kukatwa vipande. Hivi ndivyo vya kumpa mgeni aondoke navyo, na watu wa Mombasa hawapendi kurudi nyumbani mikono mitupu kwa watoto. Italia wageni wa harusi hupewa lozi tano zilizovishwa sukari. Hapa kisanduku cha karatasi chenye kileja kimoja, visheti vichache na kashata moja hufanya kazi hiyohiyo kwa ladha ya nyumbani. Kumbuka kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hivyo tafuta visanduku vya karatasi au vya ukili.

Vileja ni vya unga wa mchele na samli, na huvunjika kwa kugongana. Vipange vikiwa vimesimama ubavu kwa ubavu kwenye mkebe. Kashata ya nazi ikitoka maji, sababu ni nazi iliyokunwa kwenye mbuzi ikapikwa bila kukaushwa kwanza kwa moto mdogo, au sukari iliyoondolewa motoni kabla haijavuta uzi. Labania tamu ni ndogo. Ikatwe ya ukubwa wa kete ya bao, kubwa huachwa nusu sahanini. Vitumbua tusivihesabu hapa. Ni vitamu vikitoka kwenye chuma na kuliwa palepale, na baada ya saa tatu si vitumbua tena. Viagize tu kama kuna mama wa kuvipika nje ya ukumbi shughuli ikiendelea.

Maharusi wakate nini?

Swali hili huulizwa na kila familia, kwa sababu picha ya kukata imekwisha kuingia kwenye ratiba ya watu. Mkate wa sinia hujibu vizuri. Una umbo la duara, unakatika kwa kisu, na ndani una matundu yanayoonekana kwenye picha ya karibu.

Kwa sinia moja ya sentimita 26, vipande 12 hadi 16: loweka mchele nusu kilo usiku kucha, uchuje, usage na tui zito mililita 400, sukari gramu 250 na iliki mpaka ukiushika kwa vidole usisikie chenga. Tia hamira kijiko kidogo kimoja na uuache uumuke kama saa moja. Ongeza ute wa yai moja uliopigwa, ukoroge taratibu, umimine kwenye sinia iliyopashwa moto na kupakwa samli. Ianze chini kwa moto mdogo mpaka pembeni pashike, kisha makaa yaende juu, au uingie kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 40. Juu ukipata rangi ya dhahabu, choma kwa kijiti, kitoke kikavu. Ukitua katikati, uliachwa kuumuka kupita kiasi. Ukiwa na tabaka zito la chini kama ugali, tui lilikuwa jepesi au moto wa chini ulikuwa hafifu mwanzoni.

Upikwe asubuhi ya siku hiyo. Wa jana hukauka na kunuka hamira.

Kama mnataka ghorofa, usipandanishe mikate yenyewe, kwani wa chini utabonyea. Tafuta kinara cha sahani tatu, mkate wa sentimita 30 chini, 26 katikati, 20 juu, na kuzunguka kila mmoja panga asmini au vikuba. Asmini zichumwe jioni ileile zikiwa vitumba, zifunguke zenyewe mezani. Ua lisilolika lisiguse mkate kabisa. Kisu kiwe na makali laini bila meno, kichovywe maji ya moto na kufutwa, ili kipande cha kwanza kitoke kizima. Na hicho cha kulishana kikatwe mapema jikoni, kidogo cha kuingia mdomoni mara moja, kikae kwenye kisahani chake. Bibi harusi aliyepakwa rangi ya mdomo hawezi kuhangaika na pande kubwa mbele ya kamera.

Wengine hutaka mnara. Ufaransa harusi nyingi huwa na croquembouche, mnara wa vidonge vya unga vyenye krimu ndani, vikigandishwa pamoja kwa sukari iliyounguzwa. Wazo ni zuri, lakini sukari hiyo ikikutana na hewa ya Mombasa huvuta maji, hunata, halafu mnara huanza kuegama. Fanya wa kaimati zenye gamba kavu, juu ya koni ya karatasi ngumu iliyofunikwa karatasi ya kuokea, kimo kisizidi sentimita 40, na zishikane kwa shira nzito ya uzi badala ya sukari iliyounguzwa. Ujengwe palepale ukumbini, saa moja kabla ya bibi harusi kuingia. Mnara uliojengwa nyumbani haujawahi kupenda matuta ya barabarani.

Ratiba ya kazi

Visheti vikaangwe siku sita au saba kabla, vileja siku nne au tano, kashata na labania mbili. Halwa ichukuliwe siku moja au mbili kabla. Faluda igande usiku wa kuamkia shughuli. Mchele wa mkate uloweke usiku huohuo. Kaimati ziwe kazi ya mwisho, zimalizike saa nne kabla ya kuliwa, zisizidi hapo. Miezi ya masika, hasa Mei, mvua zikishika, punguza kashata na visheti na uongeze halwa, maana hakuna mkebe unaoshinda unyevu wa wiki nzima ya mvua.

Kukaanga kaimati 440 ni karibu kilo nne za unga. Mtu mmoja na karai moja atahitaji zaidi ya saa mbili za kusimama motoni. Weka wawili, karai mbili, na usiuchanganye unga wote mara moja: wa pili uchanganywe nusu saa baada ya wa kwanza, na kuendelea, ili wa mwisho usichachuke ukingoja zamu.

Safari na ugawaji

Kutoka Likoni kuvuka kivuko, au kutoka Kisauni kupita daraja la Nyali jioni, hesabu saa moja zaidi ya unayodhani. Halwa na vikavu vitangulie mchana. Kaimati zisafiri kwenye sinia pana, tabaka moja au mawili, kwenye gari lenye madirisha wazi, si ndani ya buti lililofungwa. Vikombe vya faluda viwe vya mwisho kuondoka.

Kahawa ihesabiwe pia. Lita moja hutoa vikombe vidogo 15, na wanaume wengi hunywa viwili. Wazee wenye sukari wawekewe kahawa tungu na matunda kiasi, embe likiwa msimu wake au papai, kwenye meza yao bila wao kuomba. Halwa ya lozi na ile ya korosho ziwe na kibandiko, na kisanduku chochote chenye karanga kiandikwe juu, kwa sababu kuna watoto ambao punje moja tu huwafikisha hospitali.

Mteue mtu mmoja, shangazi mwenye sauti au rafiki asiyeona haya, asimame mlangoni mwa jiko na ashike funguo za vitamutamu. Hakuna sinia itokayo bila yeye. Meza za nyuma zianze kwanza, mbele wana macho ya kila mtu na hawatasahaulika. Na sinia na makawa yaliyoazimwa kwa majirani yafungwe uzi wa rangi tofauti kwa kila nyumba kabla hayajaondoka, ili kesho yake kila kimoja kirudi kwa mwenyewe.